Maswali ya Wasomaji: Jina Lililo Mbele ya Lori

Katika toleo lililopita msomaji mmoja aliuliza maana ya jina Tata lililoandikwa mbele ya malori, nasi tukamjibu, kwa mstari mmoja tu, kwamba Tata alikuwa mtu, Mhindi aliyeishi zamani za ukoloni. Mstari huo ukazaa barua nyingine kutoka Kibaigwa, Chang'ombe, Mpwapwa, Hombolo na Kilimatinde. Mwezi huu safu yote tumeitenga kwa ajili ya barua hizo, kwa sababu kila moja imeuliza jambo ambalo nyingine haikuligusa.

Ndugu Mhariri, mimi ni dereva. Hupakia mahindi na alizeti hapa Kibaigwa na kuteremsha Dar es Salaam. Mmesema Tata ni jina la mtu, lakini utingo wangu bado anashikilia kuwa ni kifupi cha maneno ya Kiingereza. Kama kweli ni mtu, je, ndiye aliyeunda malori haya, na utajiri wake aliupata wapi? (Dereva, Kibaigwa)

Ndugu dereva, mwambie utingo wako kwamba hilo ni jina la ukoo. Jamsetji Nusserwanji Tata alizaliwa tarehe 3 Machi 1839 huko Navsari, mji mdogo wa Gujarat, katika familia ya makuhani wa Kiparsi, yaani wafuasi wa dini ya Zoroaster ambao mababu zao walihamia India kutoka Uajemi. Malori hakuyaunda yeye. Alifariki mwaka 1904, na kampuni iliyokuja kuyaunda ilianzishwa mwaka 1945 kwa kazi ya kutengeneza vichwa vya treni, ikaingia kwenye malori mwaka 1954 kwa kushirikiana na Wajerumani wa Daimler-Benz.

Baba yake, Nusserwanji, ndiye aliyetangulia kuacha kazi ya ukuhani na kwenda Bombay kufanya biashara. Kijana alimfuata huko akiwa na miaka 14, akasoma katika Chuo cha Elphinstone hadi mwaka 1858, na mwaka uliofuata akapelekwa Hong Kong kuisimamia biashara ya baba yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuia pamba ya huko isifike Uingereza, pamba ya India ilipanda bei hadi watu wa Bombay wakaingiwa na wazimu wa fedha. Vita vilipokwisha mwaka 1865 bei ikaporomoka na nyumba nyingi za biashara zikaanguka. Jamsetji alikuwa London wakati huo, amezungukwa na watu wanaoidai kampuni yake. Aliwaeleza hali yote bila kuficha, nao wakamwamini kiasi cha kumteua yeye mwenyewe awe mfilisi wa kampuni yake, yaani msimamizi wa kuifunga na kulipa madeni yake, kwa mshahara wa pauni 20 kwa mwezi. Mtu anayefanya kazi ya kusafirisha mali za watu, kama wewe, anajua uzito wa kuaminiwa na mtu unayemdai au anayekudai.

Nyumba ya Tata iliinuka tena baada ya mwaka 1868, baba na wabia wake walipopata zabuni ya kuliuzia mahitaji jeshi la Waingereza lililopelekwa Uhabeshi. Jamsetji akanunua kinu cha mafuta kilichofilisika pale Bombay, akakigeuza kuwa kiwanda cha nguo, akakiuza kwa faida, kisha akaenda Lancashire kuangalia kwa macho yake jinsi Waingereza wanavyosokota na kufuma. Aliporudi alifanya uamuzi ambao kwangu mimi ndio ufunguo wa maisha yake yote, na ninaomba nikawie hapo kidogo.

Wakati ule wengi wa wenye mtaji wa nguo walijenga Bombay, kwenye bandari, karibu na mabenki na wanunuzi. Tata alizunguka nchi akitafuta mahali ambapo pamba inalimwa, makaa ya mawe yapo karibu, na reli imeshafika. Akachagua Nagpur, katikati kabisa ya India, zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Bombay, mji wa joto na vumbi ambao wafanyabiashara wa pwani waliuona kuwa ni porini. Kampuni ilisajiliwa mwaka 1874 kwa mtaji wa rupia laki 15. Kiwanja alichonunua kilikuwa cha majimaji na ilibidi kijazwe udongo kwanza. Husimuliwa kwamba mkopeshaji mmoja mwenyeji alikataa kumpa fedha, akisema hawezi kumkopesha mtu anayefukia dhahabu ardhini, na kwamba miaka mingi baadaye mkopeshaji huyo huyo alikiri kuwa Tata alitia udongo akatoa dhahabu. Kiwanda kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1877, siku ambayo Malkia Victoria alitangazwa kuwa Malkia Mkuu wa India, nacho kikapewa jina la Empress.

Ndani ya kiwanda hicho kuna jambo ambalo mtu wa Dodoma atalielewa upesi kuliko mtu wa pwani. Hewa ya bara ikikauka, uzi wa pamba hukakamaa na kukatika mashineni, na vumbi la pamba huelea na kuingia vifuani mwa wafanyakazi. Sisi tunaijua hewa hiyo: ni ile ya Septemba inayopasua midomo na kuufanya mlango wa mbao uachane na fremu yake. Tata aliweka mitambo ya kuitia hewa unyevu, na mifereji ya maji darini ya kuzima moto, katika zama ambazo wenye viwanda wengi waliona hayo ni kutupa fedha. Alijaribu pia mashine mpya zilizozungusha uzi kwenye pete ya chuma kwa kasi kubwa, ambazo viwanda vingi vya Lancashire vilikuwa bado vinazisita. Meneja wake, Bezonji Mehta, alitoka katika idara ya mizigo ya reli na hakuwa fundi wa pamba. Tata alimchukua kwa sababu alijua kupanga kazi na watu.

Wafanyakazi wa Nagpur walikuwa wakulima, hawakuzoea kengele, na wengi hawakufika kazini kila siku. Kwingineko wangetozwa faini. Tata aliwawekea zawadi za mwaka kwa mahudhurio na kazi nzuri, akaanzisha mfuko wa pensheni mwaka 1886, na mwaka 1895 akaanza kuwalipa fidia walioumia kazini. Hakuyafanya hayo kwa huruma peke yake, naye hakudai hivyo. Alisema wazi kwamba afya na ustawi wa mfanyakazi ndio msingi wa faida.

Ukipita barabara ya kwenda Singida ukaona viwanda vidogo vya kukamua alizeti vimejipanga kando ya lami, na mashudu yameanikwa mbele yake, unaona mantiki ileile: mashine imeifuata mbegu ilipo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na madirisha. Nimesikia huyu bwana ndiye aliyeleta chuma India. Sisi tuna chuma Liganga tangu wazee wetu hawajazaliwa. Yeye alifanyaje? (Fundi, Chang'ombe, Dodoma Mjini)

Ndugu fundi, chuma kilikuwepo India tangu kale, na wahunzi wake walisifika duniani. Alichokitafuta Tata ni kiwanda kikubwa cha chuma cha pua, na alikitafuta kwa zaidi ya miaka 20 bila kukiona kwa macho.

Alianza mwaka 1882, aliposoma taarifa ya mtaalamu wa miamba Mjerumani kuhusu mawe ya chuma ya Chanda, si mbali na Nagpur. Akapima makaa ya mawe ya jirani, na hayakufaa. Wewe unayefanya kazi na moto utaelewa kwa nini. Katika tanuru refu la kuyeyushia chuma, makaa huokwa kwanza hadi yawe magumu, kisha hupangwa pamoja na mawe ya chuma na chokaa. Makaa hayo hutoa joto, huondoa hewa ya oksijeni iliyoshikamana na chuma ndani ya jiwe, na wakati huohuo hubeba uzito wa shehena yote iliyo juu yake. Yakiwa laini hupondeka, pumzi ya tanuru huziba, na kazi hufa. Chokaa nayo hushikana na uchafu na kuelea nao juu. Kwa hiyo jiwe zuri la chuma peke yake ni jiwe tu. Lazima yawepo makaa ya aina yake, chokaa, maji mengi na reli, na vyote visiwe mbali sana kimoja na kingine.

Sheria za serikali ya kikoloni kuhusu utafutaji wa madini zilikuwa kali, na jambo hilo likalala hadi zilipolegezwa mwaka 1899. Mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka 63 na afya imeanza kumwacha, Tata alisafiri hadi Marekani, akatembelea matanuru, na huko New York akaingia ofisini kwa mhandisi Charles Page Perin akiwa katika mavazi ya kwao. Alimwomba aje India kutafuta chuma, makaa na chokaa, na kujenga kiwanda. Perin alikubali, na akamtanguliza mwenzake, C. M. Weld.

Weld na Dorabji, mwana mkubwa wa Tata, walizunguka misitu wakiwa na mikokoteni ya ng'ombe. Wakati mmoja walifika kwenye kilima cha Dhalli, na walipokuwa wakikipanda walisikia nyayo zao zinalia kama mtu anayetembea juu ya bati nene: kilima chenyewe kilikuwa chuma. Hata hivyo wakakiacha, kwa kuwa makaa yanayofaa na maji havikuwa karibu. Hebu fikiri, kusimama juu ya chuma kitupu ukaondoka kwa sababu hesabu ya mambo mengine haijakaa sawa. Mwaka 1904 mtaalamu wa miamba wa Kihindi, Pramatha Nath Bose, aliandika barua kuwajulisha habari za chuma cha Mayurbhanj, ufalme mdogo wa mashariki ya India. Mwaka huohuo, tarehe 19 Mei, Jamsetji alifariki huko Bad Nauheim, Ujerumani, akazikwa katika makaburi ya Waparsi ya Brookwood, Uingereza.

Dorabji na wenzake waliendelea. Walipata mahali pa Sakchi, karibu na makutano ya mito Subarnarekha na Kharkai. Mwaka 1907 walikwenda London kutafuta mtaji na kurudi mikono mitupu, ndipo wakawageukia Wahindi wenyewe, na katika wiki tatu watu wapatao 8,000, wakubwa kwa wadogo, walinunua hisa zote. Chuma cha pua cha kwanza kilimiminwa tarehe 16 Februari 1912. Mji uliozunguka kiwanda uliitwa Jamshedpur mwaka 1919. Tata hakuuona, lakini miaka mitano kabla ya kiwanja kupatikana alikwisha kumwandikia mwanawe kwamba mji huo uwe na barabara pana, miti ya kivuli inayokua haraka, viwanja vya mpira, na nafasi kwa ajili ya mahekalu, misikiti na makanisa.

Kuhusu Liganga, chuma chake kimechanganyika na madini ya titani na vanadi, kwa hiyo kinahitaji njia yake ya kuyeyushwa, ingawa makaa ya Mchuchuma yako katika wilaya hiyohiyo ya Ludewa. Haliwi jambo la kuchimba na kumwaga tanuruni. Nasi tulio kanda ya kati tunao mfano wetu wa kinyume cha Tata, tena hapo Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilimwaga matrekta na mamilioni ya pauni kulima karanga, kabla ya kuupima vya kutosha udongo ambao kiangazi huwa mgumu kama saruji, na kabla ya kuuliza mvua ya Ugogo hukawia vipi. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Wagogo waliokuwa wakichunga pale wangeweza kuwaambia, kama wangeulizwa.

Nafundisha historia kidato cha tatu. Nimewaeleza wanafunzi habari za Tata, nao wakasema mtu aliyetajirika chini ya Waingereza alikuwa kibaraka wao. Niwajibu nini? (Mwalimu, Mpwapwa)

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali la haki, na ningependa wasikilize pande zote mbili bila kuharakishwa.

Biashara ya ukoo huu na China ilikuwa ya pamba na ya kasumba pia, na kasumba ile iliangamiza watu wengi. Fedha iliyowainua tena mwaka 1868 ilitokana na jeshi la Waingereza lililokwenda kumpiga Mfalme Tewodros wa Uhabeshi katika ardhi ya Afrika. Kiwanda chake cha Nagpur kilibeba cheo cha malkia wa wakoloni. Na huko Sakchi, mahali pa kiwanda palikuwa na vijiji vya wenyeji wa misituni, Wasanthal na Waho, waliopoteza ardhi ambayo mababu zao waliilima. Wafanyakazi wa Jamshedpur nao, ingawa walipata siku ya kazi ya saa nane tangu mwaka 1912, waligoma kwa nguvu mwaka 1920 na tena mwaka 1928. Haya lazima yasemwe darasani.

Lakini kibaraka hutafuta kibali cha bwana wake, na Tata hakuwa mtu wa namna hiyo. Miaka ya 1890 alijaribu kuivunja nguvu ya kampuni ya meli ya Kiingereza ya P&O, iliyowatoza wafanyabiashara wa pamba nauli kubwa kwenda China na Japani. Alikodi meli kwa kushirikiana na kampuni ya Kijapani, Nippon Yusen Kaisha. P&O ikashusha nauli karibu na bure hadi wateja wake wakamkimbia, na akapoteza fedha nyingi. Aliiunga mkono Congress, chama cha Wahindi kilichokuja kudai uhuru, tangu ilipokuwa changa. Hakupewa cheo cha "Sir" maishani mwake, ilhali wanawe wote wawili walikuja kupewa. Na alipotaka kutengeneza chuma, mkuu wa shirika la reli, Frederick Upcott, alisema yuko tayari kula kila ratili ya reli ambayo Wahindi hao wangeweza kuitengeneza. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, Uingereza ilizitegemea reli hizohizo, na Dorabji akasema kama Upcott angetimiza ahadi yake angeumwa tumbo.

Hapo ndipo historia hiyo inapogusa kwetu. Mwaka 1919 Gavana Mkuu Chelmsford, alipoutembelea mji huo wa chuma, alishukuru hadharani kwamba chuma chake kilitumika Mesopotamia, Misri, Palestina na Afrika Mashariki. Vita hivyo vya Afrika Mashariki ndivyo vilivyoingia Dodoma mwezi Julai 1916, majeshi yote mawili yakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua iliposhindwa kufika ikaja Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 ambayo wazee wa Kigogo waliitumia kuhesabia umri wa watoto wao. Jamsetji alikuwa amekufa miaka mingi. Hata hivyo wanafunzi wako waone kwamba chuma kikishatoka tanuruni hakichagui kitumike kwa kazi gani.

Waambie pia habari za mwanawe wa pili, Ratan. Mwaka 1909 alimpelekea Gandhi rupia 25,000 kwa ajili ya mapambano ya Wahindi wa Transvaal, Afrika Kusini, dhidi ya sheria za ubaguzi. Mapambano yale yalikuwa ya Wahindi, hayakumhusisha Mwafrika. Na mpwa wa Jamsetji, Shapurji Saklatvala, aliyezunguka misituni kutafuta chuma pamoja na Weld, baadaye alihamia Uingereza na mwaka 1922 akachaguliwa kuwa mbunge huko, akiwa mkomunisti. Ukoo mmoja ulitoa watu wa aina zote hizo.

Mwanangu Mhariri, nalima zabibu. Mjukuu wangu amenisomea kwamba tajiri huyo alitoa nusu ya mali yake, lakini akawapa wasomi, si maskini. Sadaka gani hiyo? (Mama mkulima, Hombolo)

Shikamoo Mama. Mjukuu wako amesoma vizuri, na wewe umeuliza kile ambacho hata watu wa Bombay walikiuliza.

Mwaka 1892 Tata alianzisha mfuko wa kuwapeleka vijana wa Kihindi kusoma ng'ambo. Hakuutoa kama zawadi, aliutoa kama mkopo: aliyesoma akapata kazi alirudisha fedha, nazo zikamsomesha mwingine. Wawili wa kwanza kufaidika walikuwa madaktari wanawake, jambo zito kwa India ya wakati ule. Kisha mwaka 1898 akatangaza kwamba anatoa majengo na viwanja vyake vya Bombay, vyenye thamani ya rupia laki 30, ili kijengwe chuo cha utafiti wa sayansi. (Neno letu "laki" na la kwao ni moja, Mama, lilivuka bahari pamoja na hesabu za dukani.) Ilikuwa kama nusu ya mali aliyokuwa nayo. Alimwandikia Swami Vivekananda, mtawa ambaye walikutana melini mwaka 1893 wakitoka Yokohama kwenda Vancouver, akimwomba aongoze juhudi za kuwafanya watu waipende elimu hiyo kwa moyo wa ibada.

Gavana Mkuu Curzon alikuwa na shaka: wanafunzi watatoka wapi, na wakimaliza watapata kazi gani? Miaka ikapita katika kamati na barua. Ufalme wa Mysore ukatoa ekari zaidi ya 370 huko Bangalore, serikali ikaridhia mwaka 1909, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1911, miaka saba baada ya mtoaji kuzikwa. Mwaka 1933 mkurugenzi wake alikuwa C. V. Raman, mwanafizikia wa Kihindi aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel. Wanawe nao waliziacha mali zao katika mifuko ya hisani, na hadi leo mifuko hiyo inamiliki takriban asilimia 66 ya kampuni mama ya Tata. Sehemu kubwa ya gawio la kampuni hiyo huenda huko.

Yeye alieleza kwamba kuwapa watu chakula na nguo ni namna moja ya wema, ila taifa huinuka zaidi kwa kuwainua wenye vipaji ili wawatumikie wengine. Mimi, Mama, sikubaliani naye kwa asilimia zote. Aliyelala na njaa leo hawezi kumsubiri mwanasayansi amalize kusoma, na katika miaka hiyohiyo India ilipigwa na njaa kubwa. Hata hivyo tazama hapo kwenu Hombolo: mkulima akipewa debe la mahindi atakula wiki chache, lakini akipata mtu anayejua kwa nini ubwiriunga huziharibu zabibu, na jinsi ya kuuzuia kabla mashada hayajafanya unga, shamba lake lote linapona, na la jirani pia. Tata aliweka mali yake kwa mtu wa namna hiyo.

Kwa nini mnakwenda India yote hiyo? Wahindi wa hapa hawakutoa kitu? (Mzee wa Kilimatinde, Manyoni)

Shikamoo mzee wangu. Walitoa, na mmoja wao alitoa kwa fedha iliyopita karibu kabisa na kwenu.

Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Kiismailia wa Bagamoyo. Aliwauzia wasafiri bidhaa na kuwatafutia wapagazi. Stanley mwenyewe, akijiandaa mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alifanya biashara naye akiwa bado kijana, na akalalamika sana kuhusu bei zake. Misafara hiyo iliyofungashwa Bagamoyo ndiyo iliyokatiza Ugogo hadi kwenu, ikilipa hongo ya nguo na shanga kwa watemi ili iruhusiwe kuteka maji visimani. Mtu huyu hakujenga viwanda kama Tata. Lakini miaka ya 1890 aliipa serikali ya Wajerumani jengo la shule pale Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wa mataifa yote wasome humo, na akatoa fedha za hospitali ya Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 1897, mwaka ambao yeye mwenyewe alifariki akiwa na umri usiofika miaka 50. Kutokana na hospitali hiyo ndipo ilipotokea Muhimbili. Mgonjwa wa Manyoni akipewa rufaa hadi huko leo, na ndugu zake wakafika langoni kuuliza amelazwa wapi, huenda wakajibiwa kwa maneno mawili tu: "Sewa Haji."